Kambi ya Likizo si Anasa: Bao na Sataranji kwa Watoto wa Ruaruke

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa Ruaruke, wilayani Kibiti.)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo. Jambo lenyewe ni hili: je, inafaa watoto wa shule zetu wawekewe kambi wakati wa likizo ya Juni, wafundishwe bao na sataranji, kisha washindanishwe shule kwa shule? Wapo waliokwisha kusema kwamba hiyo ni anasa. Wapo waliosema kwamba mtoto mwenye nafasi ya kusukuma kete anayo pia nafasi ya kufukuza ndege kwenye mpunga. Mimi sikuja hapa kuwabeza wenye hoja hizo, maana ni hoja za watu wanaofanya kazi. Nimekuja kuzijibu, na pale zinapokuwa na haki nitazikubali.

Michezo miwili, hesabu moja

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Bao kila mtu hapa analijua, hata yule asiyelicheza. Lina safu nne zenye mashimo manane kila moja, yaani mashimo 32, na kete zake ni 64. Kila mchezaji ana kete 32. Katika bao kamili, mchezaji huanza kwa kuweka kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba na nne katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 zilizobaki hukaa nazo mkononi, akinamua moja baada ya moja mpaka ziishe, ndipo mchezo unapoingia mtaji. Anayefungwa kete zikiwa bado ziko mkononi huona haya mbele ya baraza zima.

Sataranji wengi wenu mmeisikia kwa jina la chesi. Ni mchezo wa zamani sana. Ulianzia Bara Hindi zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, ukapita Uajemi, ukapokewa na Waarabu, na kutoka kwao ukaenea hadi Ulaya. Jina tunalolitumia katika Kiswahili limetufikia kwa njia hiyo ya mashariki. Ubao wake una vyumba 64, na vipande vyake ni 32. Tazameni basi ajabu hii: bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina vyumba 64 na vipande 32. Hesabu ni ile ile iliyogeuzwa. Sisemi kwamba mmoja ulizaliwa na mwingine, bali mtoto aliyezoea kuhesabu kete ubaoni hatapotea akikaa mbele ya vyumba vile.

Katika sataranji kila upande una mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili na askari wanane. Huyo tunayemwita askofu, Waarabu walimwita tembo. Joho alivikwa huko Ulaya. Huyo tunayemwita malkia alikuwa waziri, tena dhaifu, mpaka mwishoni mwa karne ya 15 alipopewa huko Ulaya nguvu kuliko wote. Watu kila mahali waliuchukua mchezo huu na kuuvika sura ya nchi yao. Nasi hatukatazwi kufanya vivyo hivyo.

Tusiwadanganye wazazi

Watu wanaopigania michezo hii mashuleni wana tabia ya kuahidi mambo makubwa. Husema kwamba mtoto akicheza sataranji atafaulu hisabati. Ndugu zangu, mimi sitawaambieni hivyo. Huko Uingereza, kati ya mwaka 2013 na 2015, jambo hili lilipimwa katika shule za msingi 100. Baadhi ya shule zilifundisha sataranji na nyingine hazikufundisha, kisha mwaka mmoja baadaye watoto wakapimwa kwa mtihani wa hisabati. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016, na hayakuonyesha tofauti. Kwa hiyo mzazi atakayemleta mtoto wake akitarajia kwamba alama zitapanda kwa sababu ya farasi na ngome, atakuwa ameahidiwa kitu ambacho hatuna ushahidi nacho.

Mtaniuliza, basi faida iko wapi? Faida ninayoiona ni ya namna nyingine. Mtoto anayecheza bao kwa dhati hulazimika kunyamaza na kufikiri kabla ya kutia mkono shimoni. Hujifunza kwamba ubaoni hakuna mwamuzi wa kulaumiwa, wala jua, wala kiwanja kibovu. Akishindwa ameshindwa kwa hesabu yake mwenyewe. Hujifunza kushindwa mbele ya watu, kumpa mkono aliyemshinda, na kesho yake kurudi. Na mtoto wa kijijini akikaa mbele ya mtoto wa mjini, ubao hauulizi baba wa nani ana gari. Taifa linahitaji watu wa namna hiyo katika ofisi, katika ushirika na katika serikali ya kijiji, wala hayo hayapimwi kwa mtihani wa saa mbili.

Mwalimu Nyerere, katika maandiko yake ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya elimu inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Na Mwalimu mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Kiongozi aliyefasiri tamthilia za Shakespeare hakuona aibu kuinama mbele ya ubao na kuhesabu kete pamoja na wananchi. Alijua kwamba pale barazani pana fikra.

Hata mtaalamu wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alipotaka kuchunguza upeo wa akili ya mwanadamu, alikwenda Zanzibar kukaa na mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akawasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya umahiri wao. Mgeni alisafiri maelfu ya kilometa kuja kujifunza kitu ambacho sisi tunakipita kila jioni tukisema, "Wale wazee wanapoteza wakati." Ndugu zangu, hapo pana jambo la kujiuliza.

Wenzetu wamefanyaje

Kambi za mafunzo si kitu kigeni duniani. Huko Urusi, wakati wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa dunia Mikhail Botvinnik, ambaye kwa taaluma alikuwa mhandisi wa umeme, alikuwa na shule yake ya sataranji. Vijana wake hawakuishi huko mwaka mzima. Walikutana mara chache kwa mwaka, mara nyingi wakati wa likizo. Kila mmoja alikuja na michezo yake aliyoiandika, ile aliyoshinda na ile aliyoshindwa, akaichambua mbele ya wenzake na mwalimu, kisha akarudi nyumbani na kazi ya kufanya. Garry Kasparov wa Baku aliingia shule hiyo mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1985, akiwa na miaka 22, akawa bingwa wa dunia. Armenia nayo mwaka 2011 iliamua kwamba sataranji iwe somo la lazima katika madarasa ya chini ya shule za msingi.

Lakini tusikimbilie mbali, maana jirani yetu Uganda anatufundisha zaidi. Katika mtaa wa Katwe, jijini Kampala, kijana mmoja aitwaye Robert Katende alianza kuwafundisha watoto maskini sataranji, na kila siku ya mafunzo aliwapa uji. Mwaka 2005 alifika hapo msichana mdogo, Phiona Mutesi, aliyemfiwa baba yake tangu utotoni na aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada. Alimfuata kaka yake, na uji ule ulikuwa sehemu kubwa ya kilichomvuta. Mwaka 2010 msichana huyo aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012 alicheza tena Istanbul, Uturuki, akapata cheo kinachotambuliwa na shirikisho la dunia. Baadaye maisha yake yakaandikiwa kitabu, na mwaka 2016 yakatengenezewa filamu. Hakuanza na ukumbi wala saa za bei kubwa. Alianza na ubao, mwalimu mmoja mwenye subira, na bakuli la uji.

Hapa kwetu tunayo mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, na ni jambo la kujivunia. Lakini tukiri kwamba macho yetu hukimbilia soka. Mtoto asiye na miguu ya kukimbia huonekana hana mchezo. Huku nyuma, watumishi wa Serikali wenyewe, katika mashindano yao ya SHIMIWI, hushindana kwa bao, karata na drafti. Kama afisa wa wizara anaruhusiwa kucheza bao kwa heshima ya idara yake, kwa nini mtoto wa Ruaruke akicheza kwa heshima ya shule yake aitwe mvivu?

Shamba, dini na mtoto wa kike

Sasa nijibu hoja. Ya kwanza ni ya shamba, nayo ni nzito. Wenzetu wa Ulaya huweka kambi zao wakati wa kiangazi, ambapo watoto wao hawana kazi. Sisi likizo ya Juni hutukuta katika kipupwe, kusi linavuma na mpunga unaiva. Familia nyingi za Rufiji na Kibiti huhamia kwenye madungu bondeni, na mikono ya mtoto inahitajika kufukuza ndege, tumbili na nguruwe. Wala hatujasahau Aprili 2024, mto ulipofurika ukameza mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu. Mzazi aliyepoteza mpunga wa mwaka mzima hawezi kuambiwa kirahisi amtoe mtoto wake shambani akacheze.

Kwa hiyo nasema: kambi isiwe ya kulala, wala isichukue likizo nzima. Iwe kambi ya kutwa, ya siku sita tu, tena ipangwe na wazazi wenyewe baada ya kuona mavuno yamefika wapi. Mwaka ambao mpunga umechelewa, kambi nayo ichelewe. Mchezo unaogombana na chakula utashindwa, na utastahili kushindwa.

Hoja ya pili ni ya dini. Wazee kadhaa wamenieleza wasiwasi wao juu ya sataranji, na wana haki, maana wanazuoni wa Kiislamu wamehitilafiana juu yake tangu zamani. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, kauli inayojulikana ni kwamba mchezo huu ni makuruhu, na kwamba unakuwa haramu ukiingiwa na kamari au ukimfanya mtu apoteze sala. Mimi si mwanachuoni, na fatwa siitoi. Ninalosema kama mwananchi ni kwamba masharti hayo mawili yanatufaa sisi sote, wa dini yoyote. Katika kambi isitiwe hata senti moja ya dau, wala soda ya dau. Na adhana ikisikika, mkono utoke ubaoni. Mzazi ambaye hata hivyo moyo wake haukutulia, mtoto wake acheze bao peke yake, na asilaumiwe.

Hoja ya tatu haikusemwa kwa sauti, lakini niliiona kwenye nyuso za watu. Bao ni la wanaume, barazani hapakai msichana. Juu ya hili naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, tulialikwa kushindana bao na drafti na shule za jirani. Katika darasa letu alikuwako msichana mmoja ambaye hakuna aliyemweza. Alijifunza kwa babu yake, akichora mashimo mchangani nyuma ya nyumba. Mimi mwenyewe alinifunga mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na safari mbili alinifunga mkononi. Siku ya kuchagua timu, ikasemwa kwamba nafasi ndani ya gari ni chache, kwamba itakuwa taabu kumchukua msichana mmoja kati ya wavulana, na kwamba nafasi yake apewe mwingine. Huyo mwingine nilikuwa mimi. Nilijua kwamba ananizidi. Nilijua kwamba nikisema neno moja, mwalimu angelisikia. Nikanyamaza, nikapanda gari.

Nilishindwa mchezo wangu wa kwanza, nikakaa pembeni siku nzima nikiwatazama wengine. Kushindwa si neno, kila mtu hushindwa. Lililobaki moyoni mwangu ni pale tuliporudi. Yule msichana alikuja kuniuliza, bila chuki, mchezo ulikwendaje, na kete zangu zilikuwa wapi nilipofungwa. Nilipomweleza, alichora mashimo mchangani, akapanga kete, akanionyesha mahali nilipokosea. Baada ya mwaka ule sikumwona tena akicheza. Kwa nini acheze, wakati alikwisha kuona kwamba kushinda hakutoshi?

Ndugu zangu, shule ilikosea, lakini nami nilikosea. Kwa hiyo ninaposema nusu ya watoto wa kambi wawe wasichana, nasema kwa sababu nina deni.

Kambi yenyewe iweje

Napendekeza tuanze na watoto 32 kutoka shule za kata hii, wavulana 16 na wasichana 16. Walimu wa bao tunao tayari. Wamekaa barazani kila jioni. Wazee hao waombwe rasmi, wapewe kiti, na watoto wawaite mwalimu. Ubao wa bao unaweza kuchimbwa ardhini, na komwe ndizo kete tangu enzi za mababu. Ubao wa sataranji unachorwa kwenye kipande cha boksi, na fundi seremala anaweza kuchonga vipande kutoka katika matawi ya mwembe au mkorosho yaliyokatwa. Hata visoda vikiandikwa alama kwa rangi, farasi atajulikana ni farasi. Chakula kichangwe kwa pishi, kila nyumba kwa uwezo wake. Tukianza kwa kusubiri mfadhili, watoto hawa watakuwa wazee kabla ubao haujafika.

Asubuhi iwe ya mafunzo, na mchana uwe wa kucheza. Na jioni, kabla ya kutawanyika, kila mtoto asimame aeleze mchezo mmoja alioshindwa: alifikiri nini, na alikosea wapi. Zoezi hili lisiachwe, hata mambo mengine yakipungua. Mtoto aliyezoea kueleza kosa lake bila kutetemeka atakuwa mtu mzima asiyeficha hesabu za kijiji.

Siku mbili za mwisho ziwe za mashindano, na hapa nawaomba walimu mnisikilize vizuri. Tukitumia mtindo wa mtoano tulioizoea, kati ya watoto 32, watoto 16 watatoka baada ya mchezo mmoja tu. Nusu ya kambi itakuwa imekuja kutazama. Uko mtindo mwingine uitwao wa Kiswisi, uliotumiwa mara ya kwanza huko Zürich mwaka 1895. Ndani yake hatolewi mtu. Katika kila mzunguko, aliyeshinda hukutanishwa na aliyeshinda, na aliyeshindwa na aliyeshindwa mwenzake. Kwa mizunguko mitano, kila mtoto atacheza mara tano, na jumla ya michezo itakuwa 80 badala ya 31. Mshindi atapatikana vile vile, maana katika watoto 32 hawezi kupatikana zaidi ya mmoja atakayeshinda yote matano. Na yule wa mwisho naye atakuwa amekutana na wa kiwango chake, na huenda akarudi nyumbani na ushindi mmoja wa kumsimulia mama yake.

Timu ya kata ichaguliwe kwa matokeo hayo, yakiwa yamebandikwa ukutani kila mtu ayasome. Asichaguliwe mtoto kwa sababu ya jina la baba yake, wala asiachwe mtoto kwa sababu ya udogo wa gari. Gari likiwa dogo, tutafute jingine, au tupeleke timu ndogo yenye haki.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema mengi. Nchi hii haikosi watu wenye akili, wala Ruaruke haikosi. Tunachokosa mara nyingi ni mahali ambapo akili ya mtoto wa mkulima inaonekana na kuheshimiwa kabla haijachoka. Siku sita za kipupwe hazitamaliza tatizo hilo, lakini zitakuwa mwanzo ambao tumeuanzisha kwa pishi zetu na wazee wetu wenyewe.

Nanyi vijana, mtakaposhindwa, na mtashindwa, msikimbie ubao. Pangeni kete upya, mtafute mahali mlipokosea. Na ukimwona mwenzako anakuzidi, mvulana au msichana, nafasi ikija sema kwa sauti kwamba ni yake. Mimi sikusema.